Potasiamu ya Kagemulo

Kijiji cha Rwamishoro kilikwisha kukubaliana kwamba Kemilembe ni mchoyo, na kijiji kikishakubaliana jambo kama hilo, hata uchinje ng'ombe hakirudi nyuma. Ushahidi ulikuwepo. Tangu mama yake azikwe, yapata miaka mitatu, hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwao na hata chane moja ya ndizi. Mgeni alikaribishwa, akapewa kahawa ya kutafuna, akala akashiba, kisha akasindikizwa hadi njiani mikono mitupu. Kwa Wahaya, hata mtu mliyegombana naye humwachi aondoke hivyo.

Walimwengu hawakosi la kusema. Walisema elimu ndiyo iliyomharibu, kwamba alikwenda Morogoro kusomea udongo akarudi anahesabu hadi maganda. Hapo kwenye maganda walikuwa wameukaribia ukweli. Lakini Kemilembe hakuwa na uchoyo wa ndizi. Alikuwa na uchoyo wa mama.

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, alitoka na fimbo ya kusomea udongo kabla umande haujakauka, akapita katikati ya migomba hadi nyuma ya nyumba, mahali alipolala mama yake, Kagemulo. Kaburi halikuwa na saruji. Saruji makaburini ilipigwa marufuku zamani, watu walipotambua kwamba ardhi yao haiwezi tena kumfungia mtu na vyote alivyokuwa navyo mwilini. Palikuwa na mawe manne tu. Alichomeka ncha ya fimbo karibu na shina la mgomba wa tatu, upande wa mashariki, akasubiri. Kwenye kioo kidogo cha mpini zikatokea namba mbili. Ya juu ilikuwa potasiamu yote ambayo mizizi ya mgomba ule iliweza kuifikia. Ya chini ilikuwa ndogo sana, na ndiyo aliyoijia.

"Umehama," alisema. "Juzi ulikuwa kwenye wa pili."

Miaka miwili ya mwisho wa uhai wake, Kagemulo alikunywa kila asubuhi kikombe cha maji ya chumvi ya alama. Wataalamu walipita vijijini wakiomba wazee wajitolee. Ni potasiamu ile ile iliyomo kwenye ndizi na maharage, walieleza, ila chembe zake zimechaguliwa zile nzito zaidi kidogo, ili mtu akifa na kurudi udongoni ionekane anakwenda wapi. Wazee wengi walikataa, na nani angewalaumu. Kagemulo alicheka. Alisema ametafuta ng'ombe waliopotea maisha yake yote na hapendi mtu mwingine aipate kazi hiyo kwa ajili yake. Akanywa. Katika Rwamishoro yote ni yeye peke yake aliyezikwa na alama, na namba ya chini ya fimbo ilimsoma yeye tu.

Wataalamu waliondoka na majibu yao. Fimbo ikabaki kwa Kemilembe, msoma udongo wa kijiji, naye akabaki nayo kama mtu aliyeachiwa simu ya marehemu, hawezi kuitumia na hawezi kuizima.

Tena alijua jambo moja ambalo afadhali asingelijua. Mkungu mmoja mkubwa wa ndizi hubeba potasiamu karibu sawa na iliyomo mwilini mwa mwanamke mzima, gramu mia na ushee. Kwa hesabu hiyo, mama yake alikuwa mkungu mmoja. Ukikosea ukampa mgeni mkungu usio wa kutoa, umempa mama, akampike kwake na maganda akayatupe kando ya barabara ya Bukoba. Ndiyo maana ndizi hazikutoka. Walichovuna walikula wenyewe, yeye na baba yake, na maganda, majivu, maji ya kuoshea sufuria, hata vya chooni, vyote vilirudishwa mashinani. Mama akawa anazunguka humo ndani, shina hadi shina, na Kemilembe anamfuata nyuma na fimbo yake. Alimtamani mno. Wakati mwingine alisimama pale hadi miguu ikafa ganzi.

*

Kokubanza alifika saa nne. Alikuwa jirani yao wa chini. Kibanja chake, shamba lake la migomba, kilianzia pale chao kilipoishia, bondeni. Alikaa kwenye mkeka, akapokea kahawa, akatafuna punje mbili taratibu.

"Nimekuja kuaga, mdogo wangu," alisema.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwa kaka yangu, Biharamulo. Anasema huko kuna ardhi haijawahi kuona gunia la mbolea. Watoto wametangulia jana na baba yao."

"Na kibanja?"

"Kibanja kipi?" Kokubanza alitabasamu kidogo. "Njoo unisomee mara ya mwisho. Nataka niondoke nikijua nimeshindwa na udongo, si na uvivu wangu. Kaka yangu ana maneno."

Kemilembe hakuweza kukataa. Walishuka pamoja. Hata bila fimbo, mtu mwenye macho angeona. Majani ya chini yalikuwa yameungua kingo, manjano ikienda kwenye rangi ya kutu, yamejikunja kwa ndani, mengine yamevunjika vikonyo na kuning'inia mashinani. Mikungu michache iliyokuwepo ilikuwa na vidole vyembamba vya kuhurumiwa. Kemilembe alichomeka fimbo mahali kumi na mbili. Namba ya juu ilikuwa ile ile kila mahali, na ilikuwa ndogo mno.

Habari ya udongo ule ilijulikana na kila mtoto wa shule. Wazee wa zamani walivijenga vibanja kwa kuhamisha. Walikata majani kwenye rweya, zile mbuga za nyasi zisizo na mwenyewe, wakayatandaza chini ya migomba. Wakalisha ng'ombe huko na kuleta samadi huku. Vizazi na vizazi, rutuba ya mbugani ikahamia nyumbani. Kisha ikaja mbolea ya magunia. Ikatia nitrojeni, ikatia fosforasi, migomba ikanenepa, na watu wakafurahi kwa miaka hamsini. Potasiamu gunia halikuwa nayo, au lilikuwa nayo ya kuonjesha tu. Na mgomba ulionenepa uliivuta kwa pupa potasiamu ile ile iliyowekwa na wazee. Ikapanda kwenye mkungu, mkungu ukapanda kwenye lori, lori likaenda Mwanza na Dar es Salaam, na hakuna lori lililowahi kurudi na maganda. Majani yalipoanza kuungua kingo, watu waliongeza magunia yale yale, kama mtu mwenye kiu anayeongezewa ugali. Baadaye wakaijua dawa, nayo ilitoka ng'ambo, na siku moja ya ng'ambo ikaacha kuja.

Hapo ndipo ulipopandwa utando. Ulikuwa kuvu ya maabara, nyuzi nyembamba kuliko nywele, zilizotambaa chini ya vibanja vyote vya Rwamishoro. Zilikwangua mwamba na kuilegeza potasiamu iliyojifunga humo, kidogo kidogo, na tena ziliigawa: kibanja chenye nacho kilikigawia kisicho nacho. Baina ya majirani paliwekwa lango, kola ya udongo wa kufinyangwa iliyozikwa mpakani na kupitishiwa umeme hafifu. Umeme ukiwaka, nyuzi husinyaa na hakuna kinachopita. Ukizimwa, hupita. Ufunguo wa malango yote hukaa kwa msoma udongo.

"Kile kipuri cha lango letu hakijafika?" aliuliza Kokubanza. Aliuliza bila kinyongo, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Bado, dada."

"Basi. Ningengoja, ila watoto hawali subira."

Alimwongoza hadi mwisho wa kibanja, penye vijiwe vilivyopangwa kwa duara. Kemilembe alipajua. Hapo alizikwa Muganyizi, mtoto wa kwanza wa Kokubanza, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita. Sasa ilikuwa imepita miaka saba.

"Huyu ndiye anayenichelewesha," alisema Kokubanza. "Wengine wote nimewafungashia. Huyu sijui namfungashia nini."

Kemilembe alitazama chini. Lango la baina yao lilikuwa limefungwa miaka mitatu, na halikuwa bovu hata siku moja. Yeye mwenyewe alilifunga juma lile la msiba, alipokuwa amekabidhiwa ufunguo tu, na yeye mwenyewe akaandika kwenye daftari la kijiji kwamba linasubiri kipuri.

*

Baba yake, Mzee Bitegeko, alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Kokubanza anahama," alisema.

"Anahama, Tata."

"Kwa sababu ya lango."

"Udongo wake umechoka."

"Kemilembe." Mzee aliuweka ungo chini. "Kabla hujazaliwa nilikuwa fundi redio. Kitu kibovu hakiwaki taa. Lango lile lina taa ya kijani, na nimepita hapo miaka mitatu naiona inawaka."

Kemilembe alikaa kwenye kizingiti. Hakujua kwamba mzee alijua, na sasa alipojua aliona kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Unadhani mimi nakula zile ndizi kwa njaa? Mzee wa miaka themanini na mbili ana njaa gani? Unaniletea sahani, unanionyesha namba kwenye fimbo, unasema leo tumepata mkungu wake. Nafumba macho, nakula. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka."

Kuku alipita akidonoa maharage yaliyomwagika. Hakuna aliyemfukuza.

"Nikifungua," alisema Kemilembe, "atatawanyika. Kwa Kokubanza kwanza, halafu kwa wa chini yake, halafu kijiji kizima. Msimu mmoja tu, Tata. Fimbo ina kiwango chake, ikishuka hapo haisomi kitu. Nitaamka asubuhi sitajua niende wapi."

"Najua."

"Mimi nilikuwa Morogoro alipoanza kuugua. Nilisema nitakuja likizo. Nikaja likizo imekwisha. Sikukaa naye. Hii ndiyo nafasi niliyoipata ya kukaa naye."

Mkono wa mzee ulikuwa bado na maharage mawili.

"Mama yako hakumfungia mtu mlango maisha yake yote," alisema. "Hata yule mlevi wa Kanyigo alikuwa akiingia anakula. Leo umemfanya mchoyo akiwa kaburini, na hana mdomo wa kukukataza. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini sikuamuru. Ufunguo ni wako, na huzuni ni yako. Mimi nimekwisha kusema."

Akauchukua ungo wake.

Kemilembe alikaa pale akitafuta njia ya tatu, kama wafanyavyo watu wasiotaka mojawapo ya mbili. Alifikiria kumpelekea Kokubanza majivu. Majivu ya jiko moja yangelisha mashina matano tu. Alifikiria kufungua nusu, lakini nyuzi hazichagui, hazijui potasiamu ya mama wala ya mwamba. Ile nyepesi kuliko zote ilikuwa kuzima umeme kimya kimya na kwenda kusema, dada, kipuri kimefika. Kokubanza angemshukuru. Angemletea hata kuku. Kemilembe aliitafuna njia hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye, hadi alipomfikia yule kuku wa shukrani. Hapo akaona hangeweza kumpokea. Akaingia ndani, akachukua ufunguo.

*

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kokubanza alikuwa amefunga godoro kwa kamba na kuliweka mlangoni. Kemilembe alimwita, wakapanda hadi mpakani, penye kola ya lango na taa yake ndogo ya kijani.

"Halijawahi kuharibika, dada," alisema. "Nililifunga mimi."

Kokubanza alitazama taa, kisha akamtazama yeye.

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Ng'ombe wangu niliwauza wote ninunue mbolea, nikidhani samadi yao haitoshi. Mume wangu aliniambia mimi ni mvivu, mbele ya mama yake." Aliyasema taratibu, kama anayesoma orodha. "Kwa nini?"

Kemilembe alimweleza yote, chumvi ya alama, fimbo, mkungu mmoja, maganda. Mengine aliyaeleza vibaya na kuyarudia. Alipomaliza alitarajia kofi, na angelipokea. Kokubanza hakumpiga.

"Sasa hivi yuko mgomba upi?"

Kemilembe alimpeleka. Kokubanza alisimama mbele ya mgomba wa tatu, akaweka kiganja kwenye shina. Kisha akatembea kwenye mgomba mwingine, akauwekea mkono nao, halafu mwingine, hadi akafika upande wa pili wa kaburi. Kemilembe hakuelewa.

"Huko hayupo, dada. Alama iko huku."

"Mwaka aliokufa Muganyizi," alisema Kokubanza, bila kugeuka, "migomba hii ilikuwa ya njano kama yangu ya leo. Wewe hukuwepo. Mama yako alishuka kwangu, msiba hata matanga hayajaisha, akakaa, akazungumza habari za hali ya hewa, akashindwa kusema alichokuja kusema. Nikamwona aibu inavyomtesa. Mimi ndiye niliyekwenda kwa msoma udongo wa wakati ule nikamwambia afungue, yangu ipande huku. Ikapanda miaka miwili."

Kemilembe aliikumbuka habari hiyo. Ilikuwa kwenye daftari, mstari mmoja: kilo sabini, kutoka chini kwenda juu. Aliusoma mstari huo siku alipoanza kazi na aliujua kwa moyo. Hakuwahi kujiuliza ndani ya kilo sabini alikuwemo nani.

"Mtoto wa miaka sita," Kokubanza aliuliza, "kwa hesabu yenu ni ndizi ngapi?"

"Chane tatu, dada. Chane tatu hivi."

"Yeye hakunywa chumvi ya mtu. Fimbo yako haimwoni." Mkono wake ulikuwa bado juu ya shina. "Lakini chane zangu tatu zimo humu. Nilimtoa kwa mkono wangu aje awasaidie, na nyinyi mkamfungia."

Kemilembe akakaa chini kwenye majani makavu. Kila asubuhi alikuwa amepita kati ya migomba ile akimtafuta mtu wake, na mtoto wa watu yumo njia nzima. Alikuwa amekula chane zile pia. Alikuwa amezimenya, akazichemsha, akampa baba yake. Akalia, na hakujificha uso.

Kokubanza alimwacha alie. Hakumbembeleza na hakumwambia nyamaza.

"Sijakusamehe," alisema mwishowe. "Hayo tutayazungumzia barazani, mbele ya watu, na daftari lako ulete. Lakini sasa inuka ufungue."

"Chukua ufunguo, dada. Fungua wewe."

"Aliyefunga ndiye anayefungua."

Walishuka hadi mpakani. Kemilembe alipiga magoti, akafuta udongo kwenye tundu, akaingiza ufunguo na kuuzungusha. Taa ya kijani ikazimika. Hakuna kingine kilichoonekana. Migomba ya juu ilisimama ilivyokuwa imesimama, na ya chini vilevile, na ndege mmoja aliendelea na shughuli zake. Kemilembe aliweka kiganja juu ya kola iliyoanza kupoa, akajua kwamba huko chini, polepole mno, mama yake ameanza kuondoka kwa mara ya pili, na kwamba safari hii yeye yupo kumsindikiza.

Aliponyanyua macho, Kokubanza alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni na anateremka kwa haraka.

"Dada," alimwita. "Nyuzi zinakwenda taratibu. Hata zikiwahi vipi, ni siku kumi na tisa."

"Nimesikia," Kokubanza alijibu, bila kupunguza mwendo. "Lakini wageni wako njiani, na nyumba yangu haijafagiliwa."